Shosho Hakuwa na Shida ya Betri

Asubuhi ya Dunga, pale Kisumu, ndio ilinimaliza. Tumelala vizuri pale karibu na ziwa, watoto wamekula, vyombo vimefungiwa kabatini, mama watoto ameshaagana na yule mama aliyetuuzia samaki wa ngege jana yake, mimi naingia kwenye gari, nafungua swichi, nangoja taa ya hita za injini izimike kama mtu mstaarabu, nazungusha funguo. Tak. Moja tu. Halafu kimya, kile kimya unasikia mpaka ndege wa kwenye mafunjo wakikucheka.

Nikarudia, tak. Mara ya tatu tak, ya nne tak. Mara ya saba akawaka, tena kwa nguvu, kama hakuna kitu kilikuwa kimetokea. Kijana wangu wa pili akapiga makofi huko nyuma. Mimi sikupiga, manake hiyo ilikuwa mara ya kumi na kitu tangu Januari na nilikuwa nimeshatumia pesa ya karo kidogo kidogo kwa hiyo tak.

Shosho ni Hiace ya zamani, dizeli, injini ya 5L, ile ya lita tatu isiyo na tabo, gia za mkono. Alibeba abiria miaka mingi kabla ya gereji moja hapa Nakuru kumtoa viti na kumwekea kitanda, kabati, sinki, jiko la gesi, kafriji ka volti 12, tangi la maji na sola juu ya paa. Gari za kulala ndani si nyingi huku kwetu, kwa hivyo tukipita watu wanakisia, wengine wanadhani tunauza mkate, na siku moja Salgaa mzee mmoja alikuja dirishani kuuliza kama leo tunapima presha.

Sasa, kabla niendelee, kuna kitu lazima nitenganishe manake kila nikisema gari inakataa kuwaka watu wananirushia dawa za ugonjwa mwingine. Kama injini inazunguka, ile rrr-rrr-rrr, lakini haishiki, hiyo ni mambo ya mafuta, hewa kwenye paipu, hita zilizokufa, ama ile solenoidi ndogo ya kwenye pampu inayofungua dizeli. Yetu ilikuwa haizunguki kabisa. Na hata huko kutozunguka kuna milio yake. Ukisikia tak-tak-tak-tak ya haraka kama cherehani, mara nyingi betri imelala au terminali imelegea. Ukisikia kimya kabisa, angalia swichi ya funguo, rilei, na kama gari yako ni otomatiki angalia ile swichi ya gia inayozuia staata, ile mota ya kuzungusha injini, mpaka uwe kwenye P au N; hiyo ikichakaa utaona dereva anatikisa gia huku na huku akizungusha funguo kama anayetafuta stesheni ya redio. Lakini ukisikia tak moja nzito halafu basi, ujue ujumbe wa funguo umefika kwa staata, ila ule umeme mkubwa wa kuzungusha injini umekwama njiani.

Hii ya mwisho niliijua baadaye. Wakati huo nilijua betri tu.

Mara ya kwanza ilikuwa Elementaita, mwezi wa kwanza. Tak. Nikangoja dakika kumi, akawaka. Nikarudi mjini moja kwa moja nikanunua betri mpya, 12,500. Wiki tano hakusumbua hata siku moja na nikaanza kutoa ushauri kwa majirani. Wiki ya sita, Molo, asubuhi ya baridi, nyasi nyeupe, tak. Mimi ni mwalimu wa jiografia kwa hivyo nikatengeneza nadharia hapo hapo: ni baridi ya milimani, oili imekuwa nzito, tukishuka chini atapona. Fundi wa Nakuru akasema nadharia ni nzuri lakini tufungue staata. Ndani ya solenoidi, ile swichi ya sumaku ya hizi staata za Kijapani, kuna vikopa viwili vinavyogongwa na kisahani kila ukizungusha funguo, vikilika upande mmoja kisahani kinagusa nusu nusu, leo kinapitisha kesho hakipitishi. Na kweli vilikuwa vimelika, nilioneshwa, kimoja kilikuwa chembamba kama ukucha. Tukabadilisha na brashi za kaboni juu yake, 3,500 na kazi. Shosho akawaka mwezi mzima. Nikamsifu yule fundi kila mahali.

Halafu akakataa Nakuru penyewe, mbele ya shule, jua la saa nane, wanafunzi wanaangalia.

Fundi mwingine akasema ni swichi ya funguo, ati nimening'iniza funguo nyingi zimeichakaza. 2,800. Wiki tatu za amani.

Katikati ya hayo yote kuna kitu kingine kilitokea ambacho nilikiweka kwenye daftari lingine kabisa la kichwa changu. Aksileta ilianza kuwa ngumu. Unakanyaga inabana, unaachilia injini inabaki juu kidogo ikinguruma. Fundi mwingine akachomoa kebo ya aksileta, akanionesha ile plastiki ya ndani imeyeyuka na kushikana na waya, akasema ni joto la injini, gari ni mzee, tukaweka nyingine, 1,900, nikasahau. Shikilia hiyo.

Ukihesabu hapo ni 20,700. Na jambo linaloniuma mpaka leo sio pesa, ni vile kila fundi alionekana amepatia. Shida inayokuja na kuondoka yenyewe inampa sifa yeyote aliyeigusa mwisho. Ni kama homa ya mtoto, unampeleka kwa huyu, kwa yule, siku inashuka yenyewe uko kwa mganga fulani basi huyo ndiye unamtangaza mtaani. Nilikuwa nanunua spea wakati Shosho ni mzima, halafu nahesabu siku ambazo angekaa mzima hata kama ningemnunulia kalenda.

Mama watoto ndiye alikuwa ameona kitu cha maana na mimi nikampuuza. Kule Elementaita alikuwa amesimama mbele ya gari, taa kubwa zinawaka, akaniambia, "Baba, ukizungusha funguo, hizi taa hazififii hata." Nikamwambia sawa mama. Kijana naye akapaza sauti kutoka nyuma kwamba hata za kwake hazififii, ambayo haikutusaidia kwa lolote, kwa sababu taa za chumbani zinakula betri ya pili, ile ya nyumba, na zingeng'aa hata kama betri ya injini ingekuwa imeibwa. Lakini za mbele, hizo zilikuwa ushahidi. Betri iliyochoka ikiulizwa kuzungusha dizeli ya lita tatu, taa zinafifia mpaka zinakuwa rangi ya chai. Zisipofifia na staata haizunguki, basi umeme haujatoka kwa betri hata kidogo wa maana. Niliambiwa hayo bure mwezi wa kwanza.

Kwa hivyo tukaja likizo ya Agosti tukielekea Kisumu. Kericho, tumesimama kunywa chai na mvua inanyesha kama kawaida yake, tak. Hapo nikajaribu ujanja wangu wa mwisho: nikachukua jampa nikaunganisha betri ya nyumba na ya injini, betri mbili zima zikisukuma pamoja, nikajua hapa hata lori litawaka. Tak. Ile ile. Vijana wa boda wanne wakaja, tukamsukuma kwenye mteremko, gia ya pili, nikaachilia klachi, akashika mara moja. Nikawapa ya chai. Tangu siku hiyo mama watoto akaweka sheria kwamba Shosho haegeshwi mahali tambarare, lazima aangalie chini.

Sasa ukiniuliza leo, Kericho palikuwa na jibu lote. Betri mbili hazikusaidia, kwa hivyo sio betri. Kusukumwa kulisaidia, kwa hivyo mafuta na kila kitu kingine ni kizima. Na Dunga ikaua nadharia yangu ya baridi, manake Kisumu iko kama mita 1,130 tu kutoka usawa wa bahari, Nakuru iko kama 1,850, na asubuhi ya Agosti kando ya ziwa hakuna mtu anavaa sweta.

Kutoka Dunga tukaelekezwa kwa mzee mmoja wa nyaya upande wa Kibuye, vijana wake wote wanamwita jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, basi na sisi tukamwita hivyo. Miwani imefungwa kwa uzi, ana multimita, kile kipimo cha umeme, imezungushwa seloteip. Nikamweleza historia yote, betri, vikopa, swichi. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaingia, akazungusha funguo, Shosho akawaka kama saa.

"Mwalimu," akasema, "mimi sitagusa hii."

Nikadhani anatufukuza. Akasema hapana, gari ambayo inawaka hakuna kitu cha kupima hapo, akianza kufungua fungua sai atakuwa tu wa nne kwenye orodha yangu. Iache hapa mpaka ikatae. Itakataa lini? Itakapotaka. Nikamwambia jaduong', lakini tunalala ndani yake. Akaangalia kitanda, sinki, pazia za mama watoto zenye maua, akacheka mpaka akashika mlango. "Sasa shida iko wapi?"

Hivyo ndivyo familia ya watu watano ilipiga kambi siku mbili katikati ya jua kali, upande mmoja mtu anachomelea geti, upande mwingine wananyoosha bodi ya pikapu kwa nyundo kutoka asubuhi, na mama watoto anapika ugali na omena kwenye jiko letu mlango ukiwa wazi, mpaka siku ya pili wale vijana walikuwa wanaleta mafuta ya kupikia wenyewe. Watoto wangu walijua majina ya spana kabla ya majina ya mitaa ya Kisumu. Kila baada ya saa moja jaduong' alituma kijana azungushe funguo, na kila mara Shosho anawaka, anazimwa. Anawaka, anazimwa. Nikaanza kuona aibu, kama mzazi amempeleka mtoto hospitali na mtoto anakimbia kimbia kwenye korido.

Jioni moja jaduong' alinipigia hadithi za gari za hendeli, ile ya kuzungusha kwa mkono mbele, ikirudi nyuma inavunja mkono. Nami nikaona nafasi ya kuwa mwalimu, nikamwambia staata ya umeme aliileta Charles Kettering, ikaingia kwenye Cadillac mwaka wa 1912. Akasema basi tangu 1912 watu wanalaumu betri.

Siku ya pili usiku ikanyesha. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu, kijana akazungusha. Tak.

Sijawahi kufurahia mlio kama ule. Jaduong' alitoka na kikombe mkononi, hakukimbia, akasema hakuna mtu ashike kitu, hakuna mtu apige staata na nyundo, hakuna mtu atikise terminali. Akaweka waya mbili za multimita kwenye vichwa vya betri akasema zungusha. Tak. Mita ikasoma volti 12.1. Akanionesha: betri iliyoulizwa kitu kikubwa inashuka, kwenye gari nzima inaweza kufika 10 na kitu wakati inazungusha, iliyochoka inaanguka chini ya 9.6. Hii ilikaa pale pale kama mtu ambaye hajaitwa jina.

Halafu akapima njia ya kwenda: waya moja kwa kichwa cha chanya cha betri, nyingine kwa bolti nene ya staata. Zungusha. 0.3. Hapo ni sawa, anasema mpaka 0.5 anaweza kuvumilia. Halafu njia ya kurudi, na hii ndio hakuna hata mmoja wa wale wengine aliwahi kupima kwa multimita: waya moja kwa hasi ya betri, nyingine akaikwaruza kwenye chuma cha injini yenyewe. Zungusha. Tak.

5.1.

Inatakiwa isifike hata 0.3. Fanya hesabu: volti 12.1, toa 5.1 zilizopotea njia ya kurudi, toa 0.3 za njia ya kwenda, staata inabaki na 6.7. Hiyo inatosha kuvuta solenoidi, tak, lakini kuzungusha dizeli ni ndoto.

Watu wengi wanafikiri umeme unatoka betri, unaenda staata, kazi imeisha. Lazima urudi. Staata imefungwa kwa injini, injini imekaa juu ya maunti za raba, na raba haipitishi umeme, kwa hivyo kurudi kwa betri kunategemea ile kebo ya athi. Jaduong' akalala chini na tochi, akaniita nilale na mimi. Gereji iliyomtengeneza Shosho ilikuwa imehamisha betri ya injini nyuma ya kiti cha dereva ili ipate nafasi ya tangi la maji, na hasi yake wakaifunga kwa chesisi tu. Kati ya chesisi na injini kulibaki kikanda kimoja cha waya zilizosukwa, cha zamani, nusu ya nyuzi zimekatika, na mwisho wake mmoja umefungwa juu ya rangi, halafu wakapuliza ile dawa nyeusi ya chini ya gari juu ya kila kitu, bolti na yote. Ukiangalia haraka unaona uchafu wa kawaida. Ukikwaruza na bisibisi unaona kutu ya kijani na nyekundu imekaa katikati kama siagi ndani ya mkate.

Nikauliza mbona wale wa Nakuru walipima athi na taa ya testa ikawaka vizuri. Akasema taa ya testa inakunywa umeme kidogo sana, hiyo hata uzi mmoja unaitosha. Staata ya dizeli inavuta ampea 200 na zaidi. Ukinzani wa ohm 0.02 tu, ambao multimita ya kawaida haiwezi hata kuuona, ukipitisha ampea 200 hapo umepoteza volti nne. Ni kama daraja la miti, mtu na baiskeli yake anapita akiimba, lori la miwa ndilo litakuambia ukweli.

Halafu akauliza kitu kilichonifanya nikae chini kwenye mchanga. "Mwalimu, kebo ya aksileta, umewahi kubadilisha?"

Umeme ukikosa njia yake unatafuta nyingine. Kebo ya aksileta ni chuma, inaanzia kwa pampu kwenye injini na inaishia kwa pedali kwenye bodi. Kila nilipozungusha funguo, sehemu ya ule umeme wa staata ilikuwa inajaribu kurudi nyumbani kupitia huko, kwenye kawaya kembamba namna ile, kakipata moto, plastiki ikiyeyuka. Nilishika ile mpya pale pale baada ya majaribio matatu manne. Ilikuwa na joto, injini ikiwa baridi ya usiku mzima. Mwezi wa tano nililipa 1,900 kuondoa ushahidi.

Uthibitisho ulichukua sekunde. Akachukua jampa, kibanio kimoja kwa hasi ya betri, kingine kwa chuma kisafi cha injini, moja kwa moja. Zungusha. Akawaka kabla hata kijana hajamaliza kugeuza mkono. Akazima, akatoa jampa. Tak. Akarudisha. Akawaka. Mara tatu, mbele ya wachomeleaji na mama wa chai, na mama watoto amesimama mlangoni na mwiko akiniangalia kwa namna ambayo nilijua taa za Elementaita zitatajwa. Zilitajwa.

Na ndio nikaelewa kwa nini kila fundi alipatia. Kutoa staata na kuirudisha unaitikisa injini, kile kiungo chenye kutu kinasogea, kinapata mahali pa kugusa, wiki kadhaa mambo ni sawa. Betri mpya ina nguvu ya kulazimisha kidogo. Mvua, mtikisiko wa barabara ya Londiani, joto, vyote vilikuwa vinakisogeza tena. Vile vikopa kweli vilikuwa vimelika, siwezi kumlaumu yule fundi, lakini havikuwa ndio shida.

Kazi yenyewe ilikuwa saa moja. Kebo mpya nene kama kidole gumba kutoka hasi ya betri mpaka bolti ya gia boksi, nyingine kutoka injini hadi chesisi, kila mahali pa kufunga pamepigwa msasa mpaka chuma kikang'aa, kikafungwa, ndipo grisi ikapakwa juu. Akapima tena wakati injini inazunguka: 0.15. Akanilipisha 2,300 na akakataa kuhesabu zile siku mbili, akisema chakula kililipa. Ilibidi nimwachie mama wa chai kitu cha vijana.

Akaangalia pia rilei inayounganisha betri mbili injini ikiwaka, manake kwenye gari kama hizi hiyo ikiganda friji inanyonya betri ya injini usiku kucha, na hapo sasa ungekuwa na ugonjwa wa betri wa kweli. Yetu ilikuwa sawa. Kile kikanda cha zamani alikichukua akakitundika kwenye msumari karibu na mlango wake, pamoja na vingine vinne.

Wikendi iliyopita tulikuwa Elementaita tena. Shosho hajakataa hata mara moja tangu Kibuye. Tumefika, uwanja wote ni tambarare, nikaegesha chini ya mgunga wenye kivuli kizuri, nikazima. Mama watoto hakushuka. Akaniambia nisogeze mpaka kule kwenye kamteremko, aangalie chini. Nikasogeza.